Jina Lililozikwa Matombo

Ndugu yangu Kibwana alikataa kula kwa sababu alikuwa amekufa. Hivyo ndivyo alivyosema mwenyewe, kwa upole, kila tulipomwekea bakuli mbele: maiti hali, wapeni watoto. Nami Mwaisha, dada yake wa tumbo moja, nilikaa kando ya kitanda chake katika hospitali ndogo ya Wadachi pale Morogoro, nikizitazama mbavu zake, na hasira ikinipanda. Sikumkasirikia yeye. Niliwakasirikia wazee wetu.

Mwaka ule Wadachi walipokuwa wakileta reli kutoka Dar es Salaam, vijana wengi wa milimani walishuka kwenda kuvunja mawe. Kibwana alikwenda Kingolwira pamoja na rafiki yake Stambuli, mtu wa kuja, ambaye hata kwao hatukupajua. Siku moja baruti ililipuka kabla ya wakati wake na ukingo mzima wa mawe ukawaporomokea. Tukaletewa Matombo maiti iliyokunjwa katika mkeka, uso hautazamiki, imevaa koti la Kibwana lenye kiraka begani. Nani angebisha? Tulilia, tukazika, tukakaa matanga. Siku ya kuondoa matanga tukafanya kama lukolo wetu, yaani ukoo wetu wa upande wa mama, unavyofanya tangu zamani: jina la marehemu halikuachwa lilale chini, alipewa mpwa wake. Mpwa huyo ni mwanangu, ambaye siku zote alikuwa akiitwa Ahmadi. Alivishwa kikuku cha shaba cha mjomba wake, akakabidhiwa mundu wake, na tangu asubuhi ile hata mimi niliyemzaa nikamwita Kibwana.

Mahindi yalipokwisha kuvunwa, Kibwana mwenyewe akarudi. Alipanda mlima kwa miguu yake, na kovu refu kichwani. Kumbe alikuwa amechukuliwa na gari la moshi hali hajitambui, akalazwa Dar es Salaam muda mrefu bila kujua yeye ni nani wala ametoka wapi, mpaka kumbukumbu ilipomrudia. Aliyekufa ndani ya lile koti alikuwa Stambuli.

Ungedhani tulipiga vigelegele. Mimi nilipiga, lakini mjomba wetu Yunusi, mkubwa wa lukolo, alinishika mkono akaninyamazisha. Alisema jina lina mwenyewe sasa. Jina la marehemu likishakaa juu ya mrithi haliondoki kwake ila kwa kifo, na ukilivuta kwa nguvu, mrithi atalifuata kaburini. Wazee wengine wakatikisa vichwa kukubali. Wakaamua kwamba mpaka mizimu iulizwe, aliyerudi aitwe Mgeni. Yaani mtu aitwe Mgeni mbele ya mlango alioupachika yeye, katikati ya migomba aliyoipanda yeye. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kamba ya ndugu yangu ilikuwa hiyo. Nilifungua kinywa kubisha, kisha nikamwona mwanangu amesimama pale na kikuku chake mkononi, mzima, ana mke aliyeolewa juzi juzi, nikakifunga.

Mwanzoni Kibwana alilichukulia jambo hilo kama mzaha, akawa anajiita Mgeni yeye mwenyewe na kuomba aonyeshwe mahali pa kulala. Lakini kila mara mtu alipoita "Kibwana" njiani aligeuka, akakuta anayeitwa ni mwingine. Mwisho akaacha kugeuka. Akaanza kwenda kukaa kando ya kaburi lake mchana kutwa. Siku moja nilimfuata nikamwomba arudi tukale, akanijibu kwamba Kibwana yumo humo chini, tumemzika wenyewe, sasa ninamwita nani?

Tulimleta mganga kutoka Mgeta. Alimfukiza majani, akampigia ngoma, akamwuliza pepo ataje jina lake. Pepo hakujibu. Kibwana ndiye aliyejibu, akamwambia mganga kwamba pepo hapandi maiti, asijichoshe. Yule mganga alifunga ngoma zake na kurudi kwao, na sijaona tena mganga mwenye haraka namna ile.

Kisha ndugu yangu alichukua jembe akaenda kulifukua kaburi. Mtu wa jumbe wa kijiji alipomshika, alimpiga kwa mpini akamvunja mkono. Jumbe hakuuliza la mizimu wala la matanga. Alimfunga kamba na kumpeleka Morogoro bomani, nami nikafuata nyuma.

Boma likamtia hospitalini, ambako daktari watu walimwita Bwana Chupa. Sitamsema vibaya. Alikuwa mtu mkavu, mwenye kuzungumza na kila mgonjwa kana kwamba amechelewa kwenda mahali, lakini mikono yake haikuwa na ukatili. Alimpa ndugu yangu dawa ya maji yenye chumvichumvi, akamfunga mwili katika shuka zilizoloweshwa maji ya mtoni ili damu yake itulie. Alipoona hataki kula kabisa, alimpitisha mpira mwembamba puani akammiminia maziwa na mayai hadi tumboni. Wahudumu walimshika mikono na miguu, nami nikatoka nje nisiitazame ile kazi. Hata hivyo dawa yake ilifanya ambacho ngoma haikufanya. Kibwana alilala. Macho yake yaliyokuwa yakihangaika ukutani yakatulia, mikono ikaacha kutetemeka, ukimsemesha anakusikia. Lakini kila alipoamka alikuwa maiti vilevile.

Daktari alimwuliza swali moja kila asubuhi, Petro mhudumu akilitafsiri: wewe ni nani?

"Mimi ni marehemu," alijibu Kibwana.

Siku ya Jumanne daktari aliniita. Kwa kinywa cha Petro aliniambia kwamba amewahi kuwaona wagonjwa kama huyu huko kwao Ulaya, watu wazima wanaoamini wamekufa, na wengine walikufa kweli kwa njaa. Dawa yake inaweza kuipumzisha akili, haiwezi kuishawishi. Na boma halitaki kumwachia mtu aliyemvunja mkono mtu wa serikali. Jumamosi atapandishwa gari la moshi hadi pwani, kisha meli, kisha apelekwe Usambara kwenye nyumba ya vichaa. Nikauliza kama hakuna njia nyingine. Daktari alifikiri, akasema ipo moja: akila kwa mkono wake, akataja jina lake na kujua yuko wapi, ataandika kwamba amepona na boma litamsikiliza. Alipokwisha kutoka, Petro alininong'oneza kwamba tangu aanze kazi pale hajamwona hata mmoja aliyekwenda Usambara akarudi.

Nilimtuma mtu mbio Matombo kwa mjomba Yunusi, nikimwomba kwa heshima zote alitoe jina. Jibu lilirudi Alhamisi asubuhi, fupi kama pua ya paka: maji yakimwagika hayazoleki. Hata salamu hakutia. Nililia kwa uchungu, na katikati ya kilio hicho, Mungu anajua, kuna sehemu ya moyo wangu iliyopumua, kwa kuwa mzee alikuwa amenikatalia jambo nililokuwa nikiogopa kukubaliwa.

Ndipo akaingia Chausiku. Alikuwa mfinyanzi wa vyungu, mama mnene mwenye sauti ya kuamsha kijiji, amekuja Morogoro kuuza vyungu vyake. Ukoo wake na wetu ni watani tangu mababu. Kwetu mtani ndiye anayezika. Yeye huingia kaburini kuipokea maiti, hutupa udongo wa kwanza, humtukana marehemu na wafiwa mpaka wacheke na machozi yao, na ukimkasirikia umejiaibisha mwenyewe. Chausiku ndiye aliyekuwa mtani wetu katika maziko yale.

Alisimama kando ya kitanda cha Kibwana akamtazama kutoka kichwani hadi miguuni, akasema anaona aibu, maana hajapata kumzika mtu vibaya hivi. Kisha akanivuta nje.

"Mwaisha, nyinyi ni wapumbavu watupu," aliniambia. "Mmemzika mtu kwa desturi, kisha mnataka afufuke kwa chupa na ngoma. Nani alimfukua? Mimi niliyemtia chini sikuitwa."

Nilimweleza habari ya jina na hatari yake kwa mwanangu. Hakuidharau. Alisema mjomba Yunusi si mwongo, jina halivutwi kwa nguvu. Lakini mrithi akija kwa miguu yake akalitoa mwenyewe, na mama aliyemzaa akalisindikiza kwa kinywa chake, mtani anaweza kulichukua kutoka kwa huyu na kumpa yule. Nikamwuliza kama amewahi kuona likifanywa. Akaishusha ile sauti yake ya kuamsha kijiji. Akasema hajaona. Amesikia kwa bibi yake.

Nikamwambia aende zake. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mimi nina mwana mmoja tu. Kaka yangu nampenda, tumenyonya ziwa moja, lakini sikuwa tayari kumweka mwanangu rehani kwa hadithi ya bibi wa mtu.

Ijumaa jioni mwanangu akatokea mlangoni mwa hospitali, vumbi hadi magotini. Chausiku alikuwa amemwita nyuma ya mgongo wangu. Alinishika miguu, akanipa shikamoo, nami badala ya kuitikia nikamwamuru arudi Matombo saa ileile. Hakurudi. Alikaa chini ukutani, akakizungushazungusha kile kikuku mkononi.

"Mama, kila nikiitwa namwona mjomba akigeuka," alisema. "Hata sasa alivyoacha kugeuka, bado namwona."

"Na ukifa?"

"Nikifa nitakuwa nimekufa mimi. Hivi ninavyoishi, ninaishi yeye."

Nilimpiga kofi. Ndiyo, mtu mzima mwenye mke, nilimpiga kofi mbele ya Petro, kisha nikamkumbatia nikamlowesha bega kwa machozi. Hatukukubaliana neno. Alilala barazani, mimi sikulala.

Jumamosi askari wawili walifika mapema, mmoja ameshika mnyororo. Gari la moshi lilikuwa tayari stesheni, linatoa moshi unaoonekana juu ya miembe ya boma. Petro alikuwa amekwisha kumwendea daktari, na sijui alimwambia nini, lakini Bwana Chupa alitoka uani, akavuta kiti, akakaa na saa yake ya mfukoni kiganjani. Alisema asubuhi ile hakumpa mgonjwa dawa, ili kichwa kiwe chepesi, na kwamba tuna muda mpaka gari lipige honi ya kwanza. Askari walinung'unika. Daktari hakuwatazama.

Kibwana alitolewa, akakalishwa juu ya mkeka. Alikuwa ametulia, amelala vizuri, macho maangavu. Niliona mtu anayeweza kusikia, na hilo lilikuwa la dawa ya Mdachi, sina budi kulisema.

Chausiku alijifunga kanga kiunoni, akalala chali kwenye mkeka kando yake, mikono kifuani, kama maiti.

"Sogea, marehemu, unanibana," alisema. "Kaburi lenyewe dogo, na tayari lina mtu. Nani yule mliyenipa nimzike?"

Kibwana alitazama pembeni. Chausiku akaendelea.

"Alikuwa mzito na ananuka. Nadhani ni mbwa. Watu wa lukolo wenu mlimkunja mbwa katika mkeka mkaniliza bure."

Niliona taya la ndugu yangu likikaza. Askari mmoja alicheka. Daktari alimwuliza Petro kinachosemwa, Petro akamwashiria angoje.

"Mbwa wa njiani," aliendelea Chausiku, sauti ikipanda. "Hana mama, hana kwao, hakuna aliyemlilia. Amevaa koti la kuiba."

"Hakuiba," alisema Kibwana.

Vichwa vyote uani vikageuka. Chausiku hakugeuza hata kichwa. Alisema mbwa wote ni wezi.

"Hakuiba. Nilimpa." Sauti ilikuwa ya mikwaruzo, haikutumiwa siku nyingi ila kwa kujitaja maiti. "Alikuwa na homa, anatetemeka. Nilimvua fulana yake iliyolowa nikamvika koti langu. Akaniambia nikae mahali pake, yeye akae pangu chini ya ukingo penye jua, apate joto. Tukabadilishana. Si mbwa. Anaitwa Stambuli."

Akaanza kulia. Sijapata kumsikia mwanamume akilia namna ile, kwa tumbo lote. Alisema jina la Stambuli mara nyingi, akasema jua lile lilikuwa lake yeye mwenyewe, jiwe lile lilikuwa lake, kaburi lile lilikuwa lake, na alipolifukua alitaka kumtoa mwenzake aingie mwenyewe. Hatukujua. Miezi yote ile tulimtazama akikaa kaburini tukasema anajililia, kumbe analilia mtu ambaye sisi hatukumpa hata chozi moja la jina lake.

Chausiku aliinuka akaketi, mzaha wote umemtoka usoni. Alianzisha kilio cha msiba kama kinavyoanzishwa kwetu, kwa jina la Stambuli, nami nikaitikia, na mwanangu, na wagonjwa waliokuwa barazani, na Petro. Wadachi wanajua mengi, lakini nadhani Bwana Chupa hakuwa amepata kuona mtu akifanyiwa msiba katika ua wa hospitali yake. Alivua kofia.

Kilio kilipotulia Chausiku alitoa wembe kwenye pindo la kanga. Alimwita mwanangu, akamkalisha mbele ya mjomba wake, akamnyoa nywele zote kama anavyonyolewa mfiwa. Nywele zikaanguka juu ya mkeka. Akakivua kikuku, akakishika juu, akanigeukia mimi. Alisema sasa kinywa cha mama, na bila hicho ataurudisha mkono wake chini na atakwenda kuuza vyungu.

Gari la moshi likapiga honi. Askari mwenye mnyororo akapiga hatua. Daktari alinyanyua mkono kumzuia, lakini alikuwa akiitazama saa.

Nilimtazama Kibwana. Alikuwa akiniangalia kwa macho ya mtu aliye hai, mekundu, yanayoogopa, naye alijua ninachoombwa. Alitikisa kichwa taratibu kunikataza. Hilo ndilo lililonivunja. Maiti hamhurumii mtoto wa dada yake.

"Toa," nilimwambia Chausiku. "Mimi niliyemzaa nimesema. Mpe mwenyewe."

Mwanangu alikichukua kikuku kutoka kwa mtani akakitia mkono wa mjomba wake. Mkono ulikuwa umekonda, kikuku kikateleza hadi kwenye kiwiko. "Mjomba Kibwana," alisema, "mimi ni Ahmadi."

Daktari alisogea, akainama, akauliza swali lake la kila siku. Petro alitafsiri. Ndugu yangu aliifuta pua kwa kiganja.

"Kibwana," alisema. "Hapa ni Morogoro." Kisha akaniuliza kama kuna uji.

Alikunywa mwenyewe, bakuli kashika kwa mikono miwili, na uji ukimchuruzika kidevuni. Daktari alisema neno kwa Kidachi, akaingia ndani kuandika. Askari walizungusha mnyororo wao wakaondoka, na tukalisikia gari likiondoka stesheni bila mtu wetu. Chausiku alikuwa amekwisha kudai kuku wa ujira wake, mkubwa kuliko yule tuliyempa siku ya maziko. Watu walicheka, barazani wanawake walipiga vigelegele, na Kibwana akaomba bakuli la pili.

Mimi nilikwenda nikaketi nyuma ya mwanangu. Niliweka kiganja juu ya kichwa chake kilichonyolewa. Kilikuwa cha moto. Nikajiambia ni jua, amekaa juani asubuhi nzima, na sikuuondoa mkono.